Grisi ipi iende wapi kwenye pikipiki

Usukani wa pikipiki yangu ulianza kunasa mwishoni mwa masika. Ukikata kulia unakwenda, ukikata kushoto unakwenda, lakini ukirudi kunyooka unasikia "tk", kama droo iliyokaa kwenye mfereji wake, na kuutoa hapo lazima uusukume. Ukiwa kwenye barabara ya vumbi iliyonyooka unayumba kama mtu aliyeanza kujifunza jana. Fundi alifungua nati ya juu, akashusha uma wa mbele taratibu, na goroli zikamwagikia kwenye kifuniko cha ndoo zikiwa na rangi ya kutu. Grisi iliyobaki kwenye vibakuli vyake ilikuwa imekauka, inafanana na machicha ya kahawa.

"Hii haijawahi kuona grisi," akasema.

"Fundi, si uliiweka wewe mwezi wa kumi na moja?"

Akacheka, akavuta kopo lake. Kopo la kilo tano, grisi ya njano, kifuniko kilishapotea siku nyingi na juu yake mmetapakaa chembe za mchanga. Kopo hilohilo ndilo linalohudumia shingo, ekseli, breki, cheni na bawaba za geti la gereji. Nilipouliza kama hakuna aina nyingine, jibu lilikuwa fupi: "Grisi ni grisi, bosi wangu."

Ana ukweli wake. Chuma kilichopakwa grisi yoyote safi kina nafuu kuliko chuma kikavu. Tabu ni kwamba pikipiki ina sehemu zisizofanana hata kidogo. Moja inazunguka mamia ya mara kwa dakika, nyingine inacheza nyuzi chache tu kulia na kushoto huku ikigongwa na kila shimo la barabara, nyingine inapikwa na moto wa breki, na nyingine ni mpira ambao grisi ya kawaida inauvimbisha. Ukishajua kila sehemu inateswa na nini, swali la grisi ipi linajijibu karibu lenyewe, na utashangaa jinsi jina la kampuni lilivyo na uzito mdogo kwenye jibu hilo.

Oili iliyoshikwa na sabuni

Watu wengi huchukulia grisi kuwa ni oili nzito. Sivyo. Grisi ni oili ya kawaida iliyonaswa ndani ya kitu kinachofanya kazi kama sifongo. Oili yenyewe huwa kati ya asilimia 70 na 95 ya kopo, sifongo huchukua sehemu kubwa ya kinachobaki, na mwisho kuna viungo vya kuongezea: vya kuzuia kutu, vya kuvumilia mgandamizo, vya kuchelewesha kuoza kwa oili. Kinacholainisha ni oili. Sifongo kazi yake ni kuishika isikimbie, na kuiachia kidogo kidogo pale chuma kinapokandamiza au kupata joto.

Sifongo hilo, kwa grisi nyingi, ni sabuni kwa maana halisi ya neno. Anayepika sabuni nyumbani huchanganya mafuta na kostiki soda. Kiwanda cha grisi nacho huchanganya mafuta na alkali, ila alkali yenyewe ndiyo inayobadilika. Ikiwa ni chokaa, unapata grisi ya kalisi. Ikiwa ni soda, unapata grisi ya sodiamu. Ikiwa ni lithiamu, unapata ile iliyojaa kwenye maduka mengi ya spea, na mafuta yanayotumika kuitengenezea sabuni yake mara nyingi hutokana na mbarika, hii hii inayoota nyuma ya nyumba zetu.

Tofauti ya alkali ndiyo tofauti ya tabia. Grisi ya kalisi ya kizamani haijali maji, ndiyo maana wenye boti na mikokoteni waliipenda, lakini joto likikaribia nyuzi 80 hivi sabuni yake inavunjika na oili inamwagika. Grisi ya sodiamu inavumilia joto zaidi ila maji yanaiyeyusha, kama sabuni yoyote ya kuogea. Ukitaka kujua kama umeuziwa ya namna hiyo, chukua kiasi cha punje ya harage kwenye kiganja, dondosha maji, sugua kwa kidole. Ikigeuka maziwa na kuanza kusafishika, hiyo si ya pikipiki inayopita kwenye madimbwi. Ya lithiamu inabaki imeng'ang'ania ngozi, na utahitaji mafuta ya taa kuiondoa.

Lithiamu ilianza kuingia kwenye grisi miaka ya 1940 na ikatawala kwa sababu inaunganisha mambo mawili yaliyokuwa hayakai pamoja: inastahimili maji na inastahimili joto. Huanza kudondoka kwenye nyuzi 180 na kitu, ingawa kwa kazi ya kila siku usiitegemee kupita 120 au 130. Ndugu yake mkubwa anaitwa lithiamu komplekisi, ambaye sabuni yake imepikwa na asidi ya pili ili kiwango cha kudondoka kipande hadi kuvuka 250. Hapo katikati kuna kichekesho cha zama zetu. Lithiamu hiyohiyo ndiyo inayotafutwa na watengeneza betri, na bei yake ilipopaa mwaka 2021 na 2022, viwanda vya grisi vikajikuta vinagombania malighafi na magari ya umeme. Baadhi vikaongeza nguvu kwenye grisi mpya za kalisi salfoneti, ambazo hazina uhusiano na udhaifu wa kalisi ya babu: zinahimili maji, joto na mgandamizo kwa pamoja. Kwa hiyo ukiona neno kalisi kwenye kopo la leo usikimbie kabla ya kusoma limefuatiwa na nini.

Kusoma kopo

Namba ya kwanza utakayoiona ni ya NLGI, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1933, ambacho kiliwapa watu lugha moja ya kuelezea ugumu wa grisi. Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa: grisi inakandwakandwa mara 60 kwenye chombo, inasawazishwa, kisha koni ya chuma inaachiwa izame kwa sekunde tano kwenye joto la nyuzi 25. Kina ilichozama, kwa sehemu za kumi za milimita, ndicho kinachotoa namba. Ikizama kati ya 265 na 295, hiyo ni namba 2. Ikizama 220 hadi 250 tu, ni namba 3.

Kwa jikoni ni hivi: namba 000 inamiminika kama mafuta ya kupikia, namba 1 iko kama nyanya ya kopo, namba 2 kama siagi ya karanga, namba 3 kama Kimbo. Namba 6 unaweza kuikata kwa kisu. Namba hiyo inaeleza ugumu, basi. Nimesikia muuzaji akimwambia kijana wa bodaboda kwamba "tatu ni kali kuliko mbili", na kijana akaongeza hela kwa furaha. Karibu sehemu zote za pikipiki zinazotaka grisi zinataka namba 2. Namba 3 hukaa vizuri mahali pa joto, pa mtikisiko, au beringi kubwa ya mhimili uliosimama wima, na kwa pikipiki ndogo sijaona panapoilazimisha.

Alama nyingine inayofaa kuizoea ni ya Kijerumani, ya kiwango cha DIN 51502. Utaiona kwa herufi ndogo nyuma ya kopo, kwa mfano KP2K-20. Inatisha mpaka uivunje vipande. K ya kwanza ni grisi ya beringi. P inamaanisha imewekewa viungo vya kuvumilia mgandamizo mkubwa. 2 ni ule ugumu wa NLGI. K ya pili ndiyo mwisho wa joto la kazi, nyuzi 120. Ingekuwa N ingekuwa 140, ingekuwa P ingekuwa 160. Na -20 ni baridi ya chini inayoweza kuvumilia, jambo ambalo mtu wa Dodoma au Kisumu anaweza kulipita bila kusimama. Kwa sekunde kumi umejua zaidi ya alichokuambia muuzaji kwa dakika kumi.

Kama kopo halina namba yoyote, halisemi ni sabuni gani, limeandikwa tu "grisi ya kazi nzito" na picha ya lori, mimi huliacha. Si lazima iwe mbaya. Ila hakuna pa kuanzia kuiamini.

Rangi usiiulize kitu. Bluu, nyekundu, kijani, njano ni rangi ya kutiwa, na kila kiwanda kinachagua yake. Nyekundu ya kampuni moja inaweza kuwa lithiamu ya kawaida na nyekundu ya jirani yake ikawa komplekisi. Nyeusi peke yake ndiyo yenye dokezo, kwa sababu mara nyingi huwa na unga wa molibdenamu au grafaiti, na hata hapo unatakiwa kusoma.

Shingoni

Turudi kwenye ule usukani. Shingo ya pikipiki nyingi ndogo, Boxer na wenzake, haina beringi iliyofungwa. Ina vibakuli viwili juu na viwili chini, na kati yake goroli za kulegea zimepangwa duara. Unapokwenda mbele katika barabara iliyonyooka, goroli hizo hazizunguki. Zinakaa palepale, kila moja kwenye doa lake, na kila shimo unaloliingia linazigonga kama nyundo dhidi ya bakuli. Baada ya miezi kadhaa bila grisi ya maana, kila goroli imejichimbia kishimo. Ndiyo ile "tk". Usukani unadumbukia kwenye vishimo vyote kwa mara moja.

Kwa hiyo shingo haina shida ya kasi wala ya joto. Maadui zake ni wawili: kugongwa, na maji. Maji huingia kwa juu ukiegesha mvuani, na huingia kwa chini yakirushwa na tairi la mbele, lakini anayeyaingiza kwa nguvu kweli ni yule kijana wa kuosha pikipiki anayeelekeza mpira wa presha moja kwa moja chini ya taa. Grisi inayofaa hapo ni yenye oili nzito, yenye herufi ile P ya mgandamizo, isiyooshwa na maji, na inayonata. Lithiamu komplekisi ya namba 2 au kalisi salfoneti inatosha kabisa. Na hapa unajaza. Jaza vibakuli, zika goroli mle ndani mpaka zisionekane, pakaza na ukingo wa nje uwe kama ukuta wa kuzuia maji. Shingo inageuka polepole mno kuweza kujipasha joto kwa wingi wa grisi.

Hesabu goroli kabla hazijachanganyika, juu na chini, kwa kuwa hazilazimiki kuwa sawa. Na kama vishimo vimeshachimbika, usipoteze grisi yako. Grisi haijazi shimo kwenye chuma. Nunua seti mpya ya vibakuli na goroli. Ya kwangu ilikuwa imefika huko. Fundi alitaka kunigeuzia vibakuli "vikae upande mwingine kidogo", nikamkatalia, tukaenda dukani pamoja.

Beringi za matairi

Magurudumuni mambo yanageuka. Tairi la inchi 17 la pikipiki ya kawaida lina mzunguko wa karibu mita 1.8, maana yake ukienda kilomita 60 kwa saa linazunguka karibu mara 550 kila dakika. Mzunguko huo si wa kutisha, lakini unatosha kuikoroga grisi. Beringi iliyoshindiliwa mpaka midomoni inakoroga badala ya kuteleza, inapata joto, sabuni inaachia oili, oili inatafuta njia ya kutoka. Na kwenye pikipiki yenye breki za dramu, njia ya kutoka inaelekea kwenye brekshu. Kiasi kinachofaa ni kama theluthi moja ya nafasi iliyo wazi ndani ya beringi. Ni kidogo kuliko mkono wa fundi unavyopenda.

Beringi nyingi za siku hizi zinakuja zimefungwa na grisi yake ndani, na hapo namba zilizochongwa ukingoni zina manufaa. Chukua 6301-2RS. Tarakimu mbili za mwisho, 01, zinakuambia tundu lake ni milimita 12. 02 ni milimita 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano. 2RS ni kwamba ina vifuniko vya mpira pande zote mbili. ZZ ni vifuniko vya bati, ambavyo vinazuia vumbi la kawaida lakini maji yanapita. Kwa barabara zetu mimi huomba 2RS hata kama iliyotoka ilikuwa ZZ, vipimo vikiwa vilevile. Kuna mafundi wanaobandua ule mpira kwa ncha ya bisibisi ili "waongezee" grisi kwenye beringi mpya. Wanachoongeza hasa ni mchanga, pamoja na mpira uliopinda usioziba tena. Iache. Pakaza grisi ukingo wa oili sili na mwili wa ekseli ili siku ya pancha isigome kutoka, umemaliza.

Zile za wazi zinazofunguka ndizo za kuosha. Tumia mafuta ya taa na brashi, kisha zikaushe kabisa, maana mafuta ya taa yaliyobaki ndani yanaizimua grisi mpya kabla hujafika nyumbani. Usizipulize kwa upepo wa kompresa zikavuma kwa ajili ya kufurahia mlio. Beringi kavu inayozungushwa kwa kasi ile inajikwaruza, na kuna siku itaruka vipande.

Breki, kwa kidole kidogo

Kwenye breki ya dramu kuna mahali pawili tu pa grisi: kamu inayosukuma brekshu, pale inapopita kwenye tundu lake na pale inapogusana na chuma cha brekshu, na pini ambayo brekshu zimeegemea upande wa pili. Unapaka utando, kitu cha kuacha kung'aa tu kwenye chuma. Mtu anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo na abiria na gunia la kabichi anazipasha dramu zake kupita nyuzi 100 bila jitihada, na grisi ya bei ya chini ikiyeyuka mle inatiririkia kwenye kitambaa cha brekshu. Kitambaa kikishanywa grisi hakisafishiki kwa msasa wala petroli. Kinarudia kutoa mafuta kila kikipata moto. Hapo ndipo mahali pamoja pa pikipiki ambapo ningesema lithiamu komplekisi au grisi nyingine ya joto la juu, na si vinginevyo.

Breki ya diski ina kisa chake. Zile pini ambazo kalipa, kile kishikio kinachobana diski, inateleza juu yake zimevikwa vimpira, na mipira ya mfumo wa breki imetengenezwa ikubaliane na fluidi ya DOT 3 au DOT 4. Mafuta ya petroli inayaona kama sumu. Ukipaka grisi ya njano pale, vimpira vinavimba na kulainika, pini zinabana, na kalipa inabaki imeng'ata diski. Mwenyewe utaona pikipiki "imekuwa nzito" na pedi moja imeisha wakati mwenzake bado nene. Panapotakiwa ni grisi ya silikoni iliyoandikwa kwamba ni ya breki. Kijitubu chake ni kidogo na bei yake inaudhi, ila kinakaa miaka.

Cheni haitaki grisi

Nasema hivi nikijua nitabishiwa kijiweni. Cheni iliyopakwa grisi nene inapendeza, inakaa kimya siku tatu, na mwenye nayo anajiona kaitunza. Tazama kinachotokea. Kila kiungo cha cheni kina pini, pini imezungukwa na bushi, bushi imezungukwa na rola. Cheni "inarefuka" kwa sababu pini na bushi zinalana ndani kwa ndani, mahali ambapo jicho halioni. Grisi ya namba 2, kama siagi ya karanga, haiwezi kupenya kwenye nafasi hiyo nyembamba. Inabaki juu kama ngozi, inakusanya vumbi, na vumbi letu lina mchanga. Grisi na mchanga ni dawa ya kusagia. Sproketi zako zinaanza kuchongoka kama meno ya papa.

Cheni ya kawaida isiyo na mipira inataka oili inayopenya kisha ikatulia: oili ya giaboksi, namba 90 au 80W-90, ambayo miongozo ya pikipiki imeitaja miaka mingi. Ipake jioni cheni ikiwa bado ya moto kutokana na safari, kwa upande wa ndani, ukizungusha tairi la nyuma taratibu kwa mkono na injini ikiwa imezimwa. Iache usiku kucha. Asubuhi ifute kwa tambara mpaka uone kama umeifuta kupita kiasi. Ya kazi imeshaingia ndani.

Oili chafu iliyomwagwa kwenye injini, ambayo karibu kila gereji inaitumia kwa cheni, ni afadhali kuliko kutu, na siwezi kumlaumu mtu mwenye hesabu ya bosi mbele yake. Lakini ina unga wa chuma na masizi ndani, na ni nyepesi, nusu yake inaishia kwenye suruali ya abiria. Kuna wazee waliokuwa wakiyeyusha grisi kwenye debe juu ya moto na kutumbukiza cheni nzima mpaka mapovu yaishe. Hao walikuwa wanajua walifanyalo: grisi ya moto inapenya, ikipoa inabaki ndani. Sikushauri ujaribu kwenye jiko la mkaa la mama.

Ukiwa na cheni yenye vipete vya mpira, grisi yake ilifungiwa kiwandani na haitoki. Hiyo unaisafisha kwa mafuta ya taa, kamwe si petroli, na kuipaka oili kidogo isishike kutu kwa nje.

Sehemu ndogondogo

Mkono wa nyuma unaobeba tairi unategemea umefungwaje. Ukiwa na bushi za chuma, hapo pana mwendo wa polepole na mgandamizo mkubwa, na ndipo grisi nyeusi yenye molibdenamu inapostahili sifa zake. Ukiwa na bushi za mpira zilizogandishwa kwenye bomba la chuma, kama pikipiki nyingi ndogo, hakuna cha kulainisha kwenye mpira. Paka boliti tu isigande. Stendi na mhimili wa pedali ya breki, grisi yoyote iliyo karibu.

Waya wa klachi usishindilie grisi. Inaganda na vumbi na mkono wako unachoka kabla ya saa sita mchana. Tone la oili nyepesi linaloteremka lenyewe, na grisi kidogo kwenye kile kichwa cha waya kinapokaa kwenye hendeli. Gia ndogo ya spidomita kwenye gurudumu la mbele inataka utando. Vichwa vya betri vikaze kwanza, ndipo upake. Vaseline ya kawaida ya nyumbani inafanya kazi hiyo vizuri. Nyuzi za kukazia plagi ziache kavu, watengenezaji kama NGK wenyewe hawataki zipakwe kitu kwa sababu utakaza kupita kiasi. Shokapu za mbele hujazwa oili, si grisi, ingawa nimeshaona ukingo wa sili umepakwa grisi eti kuzuia zisivuje.

Kuchanganya

Hili ndilo linalonikera kuliko bei. Grisi mbili nzuri zinaweza kuzaa moja mbaya. Sabuni ya lithiamu na sabuni ya sodiamu hazipatani. Zikikutana, sifongo linalegea na unapata kitu kama mlenda kinachochuruzika. Zile ambazo sifongo lake si sabuni, za udongo wa bentonaiti na nyingi za poliyurea, nazo ni wagumu wa kuoa nje. Lithiamu na lithiamu komplekisi kwa kawaida hukaa pamoja bila ugomvi. Kwa kuwa hujui fundi aliyetangulia aliweka nini, usijumlishe mpya juu ya kuukuu. Futa, osha, kausha, anza upya. Ni dakika ishirini za ziada, na ukisimama hapo gereji ukiangalia zinafanyika.

Siku ile nilirudi kutoka dukani na seti ya vibakuli, kopo la nusu kilo la lithiamu komplekisi namba 2, na chupa ya oili ya 90. Fundi alilifungua, akaliona juu lina kidimbwi cha oili, akanisukumia. "Hii imeharibika, wamekuuzia ya zamani." Haikuwa imeharibika. Grisi ikikaa muda mrefu, hasa dukani kwenye joto, sifongo linaachia oili kidogo ikaelea juu. Nilichukua kijiti safi nikaikoroga mpaka ikarudi. Ingekuwa kidimbwi cha vidole viwili, au ingenuka uchachu, au ingekuwa imeshika gome gumu juu, ningekubaliana naye na kuirudisha.

Alipomaliza kufunga shingo alitaka kopo libaki kijiweni, "tutakuwekea". Nikapachika kifuniko, nikalifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mchanga, nikalitia chini ya kiti.